Hatua Thelathini Kusini

Siku ya 1 ya mvua

Mvua imeanza kabla hatujamaliza kufunga turubai, na Mkuu ametangaza kwamba hatuvuki uwanda mpaka ikatike. Siku arobaini hivi, ndivyo walivyoandika waliotutangulia. Fundi akasema mara ya mwisho mvua kunyesha siku arobaini kuna mzee alijenga safina, na yeye mbao hana.

Tuko wanne katika banda hili la mabati. Mkuu wa msafara ni mama wa miaka hamsini na kitu, hapandishi sauti wala harudii neno. Daktari anapima maji, anapima hewa, kisha anakoroma. Fundi ni wa mitambo na maneno. Mimi ni mpima ardhi. Banda lilijengwa na msafara wa kwanza miaka mitatu iliyopita, na mbele yake ni uwanda: ukoko mweupe wa chumvi juu ya tope lisilo na chini, mwendo wa nusu siku kuuvuka. Ndani ya ukoko huo unapita mshipa mmoja mgumu, mpana kama mikokoteni mitatu iliyopangwa bega kwa bega, na huo ndio unaobeba mzigo. Ukitoka nje yake na mzigo, umekwenda. Kwa macho huujui, maana kote ni kweupe. Ndiyo sababu msafara wa kwanza walichomeka vigingi thelathini vya chuma, vyenye namba. Kumi vya mwanzo viko kwenye ukingo wa mawe. Kuanzia cha kumi na moja viko kwenye chumvi.

Aliyevichomeka ni mdogo wangu. Mvua ya mwaka ule ilipokatika alitoka na mkokoteni, na asubuhi hiyo alisema redioni: "Vigingi vimehamishwa. Hatua thelathini kusini. Kuna mtu anatuchezea." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Wenzake walikuta gurudumu moja likichungulia kwenye chumvi. Alikuwa na miaka ishirini na sita na deni la barua nne kwa mama.

Huyo mtu yupo. Anaishi peke yake katika nyumba ya mawe kilimani, upande wa pili wa korongo. Ni binadamu kama sisi, masalia ya walowezi waliokuja sayari hii zamani. Mama aliponiaga alisema, "Kisasi mwachie Mungu, mwanangu." Nikamwambia Mungu ana sayari nyingi za kushughulikia, mimi ninayo hii moja.

Siku ya 2

Nimesimamisha darubini ya kupimia barazani, juu ya lile jiwe ambalo vipimo vyote vya ramani huanzia. Ukungu ulifunguka kidogo saa nane. Kigingi cha kumi na moja kiko hatua tisini kusini ya mahali ramani inapokitaka. Cha kumi na mbili, tisini. Miaka mitatu, kila mwaka thelathini. Mtu huyu ana bidii ya kuhamisha vigingi kuliko wengine walivyo na bidii ya kusali.

Siku ya 3

Mvua. Tisini. Hewa inanuka yai viza, na mvua yenyewe ni chungu, haifai hata kuoshea sahani. Tunakunywa ya mtambo wa kusafisha maji.

Siku ya 4

Amekuja mwenyewe. Tulikuwa tunakula mchana, mlango ukasukumwa, na pale akasimama mzee mrefu aliyevaa koti la turubai, mkononi nondo. Maji yalimchuruzika ndevuni hadi sakafuni ambayo nilikuwa nimetoka kuipiga deki.

"Nani mkubwa hapa?"

"Mimi," Mkuu akasema. "Karibu ndani, mzee, mvua hii si ya kusimama mlangoni."

"Unanikaribisha? Unanikaribisha nyumbani kwangu?" Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi ndiye mwenyeji hapa. Miaka ishirini na miwili. Mgeni siku mbili, na leo kwenu ni ya nne, na mimi jembe la kuwapa sina. Mvua ikikatika pandeni chombo chenu, mrudi mlikotoka."

"Tuna kazi kwenye milima ya ng'ambo. Tukiimaliza tutaondoka."

"Kazi ya kuchora ramani. Nani anachora?"

Sikungoja ninyooshewe kidole. "Mimi."

Alinisogelea. Macho yake yana ukungu. Daktari aliniambia baadaye kwamba ni mtoto wa jicho, na kwamba kwa umbali wa hatua ishirini mzee huyu hamjui mbuzi na mtu. Lakini mimi alinipata. Alitema mate karibu na kiatu changu, akatoka, na tukasikia nondo ikilia kwenye mlingoti wa redio mara nne. Mara ya nne mlingoti ukalala. Fundi aliruka na spana, na Mkuu akamwambia, "Kaa." Fundi akakaa.

Ni Fundi aliyempa jina la Mwenyeji. Mimi nilikuwa na swali moja tu la kumwuliza, nimelibeba miaka mitatu, na alipokuwa mbele yangu ulimi uliganda kama wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nimejichukia mchana kutwa.

Siku ya 5

Mvua. Tisini.

Siku ya 6

Mvua. Tisini. Fundi alipika. Tumemsamehe.

Siku ya 9

Gurudumu la kulia la mkokoteni wetu halipo. Limefunguliwa vizuri, na njugu zimepangwa juu ya jiwe kwa mstari. Fundi amekasirika, na hapo hapo amevutiwa. "Mwizi nadhifu, dada. Amebakiza kutufungia zawadi tu." Mimi sikucheka. Mtu nadhifu hivyo ndiye anayeweza kung'oa kigingi na kukichomeka pengine asiache alama.

Siku ya 12

Tisini na moja.

Nilipima mara tatu. Ameanza tena, na safari hii anaanza mapema, hatua moja moja, ili nisigutuke. Hajui nani amekaa nyuma ya darubini. Mwenye macho haambiwi tazama.

Siku ya 13

Mvua. Tisini na mbili.

Siku ya 15

Tisini na nne, cha kumi na moja na cha kumi na mbili sawia. Nilishinda barazani blanketi begani tangu asubuhi hadi mwanga ulipokwisha, na sikuona mtu. Mkuu aliniletea kikombe cha chai. "Unatafuta nini huko?" Nikasema napima. Akasema, "Kupima hakumfanyi mtu auume mdomo mpaka utoke damu." Akaniachia kikombe akaondoka.

Siku ya 18

Mkuu alinichukua tukamwombe Mwenyeji gurudumu letu kwa amani. Amani ilikuwa ya Mkuu, mimi nilikwenda kuona pa kumpiga.

Nyumba yake ni chumba kimoja cha mawe kilichofagiliwa hadi pembeni. Kitanda, jiko la mafuta, rafu ya vikombe kumi na tisa vilivyofunikwa, na vumbi kwenye vyote. Ukutani kuna mapipa sita ya maji, na kwenye kila pipa kijiti chenye alama za kisu. Mawili tu yalikuwa na maji. Huku kilimani hakuna kisima, na chemchemi tamu iko ng'ambo ya uwanda. Msimu mzima anaishi kwa akiba. Mvua ikikatika, siku hiyo hiyo lazima avuke na mkokoteni, au afe kwa kiu. Gurudumu letu lilikuwa tayari kwenye mkokoteni wake.

"Lile langu lilivunjika," akasema, kana kwamba hilo linamaliza kesi.

Mkuu akamwuliza tumemkosea nini. Akasema bila kututazama:

"Tulikuwa watu ishirini. Hakuna aliyejua tupo, na tulikuwa salama. Akaja mmoja na kamba na darubini, miaka mingi kabla ya msafara wenu wa kwanza, kijana mwema, tukampa chakula. Akachora. Ramani yake ikaleta chombo, chombo kikaleta homa. Nilizika watu kumi na tisa kwa mikono hii. Mke wangu alikuwa wa kumi na moja. Sasa niambie wewe, mama, ningewapikia?"

Mkuu akampa pole, na niliona ni pole ya kweli. Nami kwa dakika moja nilimwonea huruma, nakiri. Kisha nikakumbuka kwamba mdogo wangu hakuleta homa yoyote. Alileta vigingi thelathini na daftari.

Siku ya 19

Sijalala vizuri. Najiuliza alivyokuwa akivihamisha, kama alipiga mluzi. Vikombe vyake kumi na tisa ni vyake. Cha mdogo wangu kiko kwa mama, juu ya kabati, na mama anakiosha kila Jumamosi ingawa hakuna anayekinywea.

Siku ya 20

Mvua. Tisini na tisa.

Siku ya 21

Mvua. Mia. Dawa ya moto ni moto.

Siku ya 22

Mvua ilipumzika tangu saa tatu hadi saa saba. Niliwaambia wenzangu nakwenda kukagua vigingi vya ukingoni, na hilo halikuwa uongo mpaka nilipofika cha kumi na kuendelea.

Nilijifunga mbao chini ya viatu, kama Fundi alivyotufundisha, zinazotawanya uzito. Mtu mmoja bila mzigo, mwenye mbao, ukoko mwembamba unamchukua. Unalia chini yake, lakini unamchukua. Nikang'oa kigingi cha kumi na moja. Nikahesabu hatua thelathini kaskazini, nje ya mshipa mgumu, nikakichomeka huko. Kisha cha kumi na mbili. Namba yake imepigwa nyundo na mdogo wangu, mbili yenye mkia mrefu kama alivyokuwa akiiandika hata kwenye karatasi za mtihani. Nikakibusu, nikakihamisha. Cha kumi na tatu. Cha kumi na nne. Cha kumi na tano. Zile zile thelathini.

Mwenyeji atavuka siku ya kwanza ya jua, na maji yake yamekwisha, na macho yake hayaoni mbali. Atafuata vigingi. Sisi tutavuka siku ya tatu au ya nne, na kabla ya hapo nitakuwa nimevirudisha. Hakuna atakayejua ila mimi na mama, na mama sitamwambia.

Nilirudi nikala sahani mbili. Fundi akasema hewa ya nje imenifaa.

Siku ya 23

Mvua, nzito. Sina cha kupima tena, vigingi vya mbele nimeviharibu mwenyewe.

Siku ya 24

Nimeelekeza darubini kwenye lile gurudumu la mkokoteni wa mdogo wangu. Limesimama kwenye chumvi, nusu yake, karibu na cha kumi na nne. Nimeandika kipimo chake, kwa sababu mkono umezoea kuandika.

Siku ya 26

Mvua. Nimetazama gurudumu.

Siku ya 28

Daktari alipeleka dawa ya macho kilimani, akarudi nayo. Mwenyeji alimwambia ayatibu kwanza macho yake mwenyewe. Daktari anasema pipa moja ni tupu na la pili liko robo. Nilitia chumvi kwenye supu na kuendelea kukoroga.

Siku ya 30

Naandika hili polepole.

Gurudumu limesogea. Tangu siku ya 24 limekwenda hatua sita kusini. Nilidhani miguu ya darubini imezama, nikakagua: iko juu ya jiwe. Nikapima vilele vya milima ya ng'ambo: viko palepale. Nikapima kigingi cha kumi na sita, ambacho mimi sikukigusa: hatua sita kusini. Cha kumi na saba, sita.

Mtu anaweza kung'oa kigingi. Hakuna mtu anayeweza kung'oa mkokoteni uliozama katika tope lisilo na chini, akausogeza hatua sita, akauacha umesimama vilevile.

Ni uwanda wenyewe. Mvua inaingia chini, tope linalainika, na ukoko wote unaelea na kuteremka kusini pamoja na mshipa wake mgumu na vigingi vyake na gurudumu lake. Kila msimu hatua thelathini. Vigingi havikuwahi kutoka kwenye mshipa. Viliuganda na kusafiri nao. Hakuna aliyevihamisha.

Basi mdogo wangu aliviona viko hatua thelathini kusini ya ramani. Akafanya nini? Najua alichofanya kana kwamba nilikuwepo. Alivirudisha. Alivitoa kwenye ukoko mgumu akavipeleka kwenye ukoko mwembamba, kwa vipimo sahihi, kwa hesabu safi, kisha akavuta mkokoteni juu yake.

Mchimba visima asingekosea hivyo. Mchuuzi asingekosea. Angeona kigingi, angefuata kigingi. Kosa hili ni la mpima peke yake, na tena mpima aliyefunzwa vizuri. Alipoanza kazi nilimkalisha mezani kwa mama, nikamwonyesha kwa penseli, nikamwambia: kigingi na ramani vikigombana, amini ramani, maana kigingi mtu hukihamisha na ramani haina miguu. Akaandika. Alikuwa anaandika kila nililosema.

Siku ya 31

Nilikwenda kilimani peke yangu. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti chini ya bati, anapima pipa la mwisho kwa kijiti.

"Uwanda unatembea," nikasema.

"Umekuja na mvua yote hii kuniambia hilo?"

"Vigingi hukuvihamisha, mzee." Nilimwita mzee, mdomo umezoea adabu hata moyo ukikataa.

"Nilivishika mara moja. Vitano. Nilivirudisha pale yule kijana alipovitoa, maana nami napita hapo."

"Alipovitoa. Ulimwona akivitoa?"

Aliweka kijiti chini. "Nilimwona. Nilikaa hapa hapa, na macho yangu wakati ule yalifika milimani. Anang'oa, anahesabu hatua, anachomeka upande wa pili. Vitano. Nilijua anajichimbia kaburi. Kisha akarudi kuchukua mkokoteni."

"Ungemwita angekusikia?"

"Siku ile hapakuwa na upepo," akasema. "Angenisikia."

"Mbona hukumwita?"

"Alikuwa anachora, mwanamke. Nikajiambia, mimi simgusi, acha ardhi imsemeshe." Akashika tena kijiti. "Nani wako?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

Alitikisa kichwa kidogo. Hakuniomba msamaha na hakusema pole. "Basi sasa unajua," akasema, na akaendelea na pipa lake.

Nilisimama pale mvua ikiniingia shingoni. Niliweza kumwambia kuhusu vigingi vitano. Niligeuka nikateremka.

Siku ya 32

Mvua. Nilikuja hapa kumchukia mtu aliyehamisha vigingi, na mtu huyo hayupo. Aliyepo ni mbaya zaidi. Mhamishaji angeweza kusema hakujua kijana atapita saa ile. Huyu alijua, akakaa kitako, akatazama kama mtu anayetazama maji yakichemka.

Na mwingine yuko kwenye kioo cha Daktari, namwona kila ninapochana nywele. Huyo nitamshughulikia baadaye. Mmoja mmoja.

Siku ya 34

Mvua imepungua. Vigingi vyangu vitano viko nilikovipeleka, vinatembea na wenzao.

Siku ya 36

Mkuu ameniuliza mbele ya wote kama njia iko tayari. Nikasema itakuwa tayari. Akasema, "Sikuuliza itakuwa." Nikasema siku ya tatu ya jua, Mkuu. Akanitazama mpaka nikaenda kuosha vyombo visivyokuwa zamu yangu.

Siku ya 38

Manyunyu. Fundi ametengeneza gurudumu kwa mfuniko wa mtambo. Anaimba. Nimemwambia anyamaze, kisha nimemwomba radhi, kisha ameanza tena.

Siku ya 39

Manyunyu asubuhi, kisha ukungu. Kila nikifumba macho namwona akivuka. Sijui kama ninachosikia ni furaha au homa. Daktari anasema homa sina.

Siku ya 41. Jua

Yu hai. Naanza na hilo kwa sababu daftari hili nitampa Mkuu tukishamaliza kula, na sitaki asome kurasa zote akingoja maiti.

Mvua ilikatika jana mchana. Leo uwanda uling'aa mpaka macho yaliuma. Nilitoka mapema nikakaa ukingoni, karibu na kigingi cha kumi, mbao zangu mgongoni na kamba ndefu ya kupimia begani. Nilijiambia kamba ni ya kazi.

Saa mbili akateremka, anavuta mkokoteni wenye mapipa sita matupu yanayogongana. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alinipita kwa hatua tano. Hakunisalimu, nami sikumsalimu. Kwenye kigingi cha kumi akasimama, akaweka kiganja juu ya macho, akakitafuta cha kumi na moja. Kila mwaka hapo anakata kona kwenda kulia, na kila mwaka kona inarefuka. Safari hii ilikuwa fupi kwa hatua thelathini, na miguu yake iliijua ingawa macho hayakuijua. Aligeuza kichwa upande wangu. Hakuuliza, kiburi chake hakikumruhusu, lakini alingoja. Neno moja lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza.

Akaenda. Cha kumi na moja, salama. Cha kumi na mbili, salama. Kabla ya cha kumi na tatu ukoko ukalia kama mkate mkavu unaovunjwa, mkokoteni ukainama, mapipa yakamwangukia, na Mwenyeji akaingia hadi kiunoni.

Hakupiga kelele. Alijaribu kupanda juu ya pipa, likazama. Akajaribu la pili. Mimi nilikuwa nimeshafunga mbao zangu na natembea, sikumbuki kuamua. Nilifuata mshipa mgumu, nikafika kwenye tundu tupu la kigingi cha kumi na tatu, nikakaa chini na kuchomeka visigino humo. Kati yetu hatua thelathini. Nikamtupia kamba. Mara ya tatu aliipata, akajizungushia kwapani.

"Umevihamisha," akasema.

"Nimevihamisha."

"Hatua ngapi?"

"Unajua ngapi."

Alikohoa, au alicheka. "Basi tumelingana. Vuta."

"Bado hatujalingana. Mwite kwanza."

"Nani?"

"Yule kijana. Anapita pale na mkokoteni, umemwona. Mwite."

"Amekufa, wewe mwanamke! Vuta!"

"Siku ile hukumwita. Mwite leo."

Tope lilikuwa kifuani. Alinitukana, akamtukana mama yangu, akawatukana wapima wote tangu wa kwanza. Nilishika kamba isilegee na isivutike. Alipomaliza matusi akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Kijana."

"Hajasikia."

"Kijana!"

"Yuko mbali. Ameinama, anavuta."

"Kijana! Simama!" Sauti yake ilipasuka. "Simama hapo! Usipite, ni kwembamba! Rudi nyuma! Acha mkokoteni, urudi!" Tope lilifika mabegani, na yeye alikuwa hanitazami tena. Alitazama upande wa lile gurudumu la zamani, nusu yake juu ya chumvi, na macho yake yenye ukungu yalimtoka. "Usifuate ramani, mwanangu! Inakudanganya! Fuata vigingi ulivyovikuta! Rudi!"

La ramani sikumwambia aseme. Lilinipata mahali ambapo hakuna tusi lake lililofika. Aliita tena, na tena, kwa pumzi yote iliyobaki, mpaka milima ikarudisha sauti, na haikuwa tena sauti ya mtu aliyelazimishwa. Na mimi, kamba mkononi, niligeuka kutazama kama mdogo wangu amesimama.

Palikuwa peupe tu. Nikaanza kuvuta.